Kuwahisha cheche au kuongeza upepo? Njia tatu za kupanga taimingi ya rotari yenye turbo

Chomoa plagi ya chini ya rota ya mbele, zima pampu ya mafuta na koili, kisha mpe mwenzako ufunguo azungushe starta huku umekinga kiganja kwenye tundu. Rotari (injini yenye rota za pembetatu zinazozunguka badala ya pistoni) iliyo nzima itakupulizia kwa mdundo ulio sawa: puf, puf, puf, puf. Iliyovunja sili moja ya ncha (kizibo cha kwenye kona ya rota) itapuliza mara moja kwa nguvu, kisha mara mbili kinyonge, kisha mara moja kwa nguvu tena. Zinakuwa mbili kwa sababu kila sili inatenganisha vyumba viwili, na ikivunjika vyote viwili vinavuja. Mdundo huo wa kuchechemea nimeusikia zaidi ya mara moja, na mwenye gari huwa amesimama pembeni akisema maneno yaleyale: "Lakini fundi, niliongeza digrii mbili tu."

Basi hapa tunalinganisha njia tatu za kupanga cheche wakati turbo inasukuma, kwa mtu ambaye tayari ana kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inayokubali kupangwa upya (Power FC, Haltech, Link au nyingine), amefika kwenye ukurasa wa taimingi, na mkono umesita juu ya kibodi.

## Injini tunayoiongelea

Namba za hapa ni za 13B-REW, injini ya Mazda RX-7 FD iliyotengenezwa Hiroshima kuanzia 1991 hadi 2002. Ina rota mbili za cc 654 kila moja, mgandamizo wa 9.0 kwa 1, na turbo mbili zinazopokezana zinazosukuma karibu bar 0.7 za upepo, yaani presha juu ya hewa ya nje, kwa mpango wa kiwandani. Mwenye RX-7 FC (kizazi cha kabla ya FD) ya turbo au Eunos Cosmo ya rota tatu atapata hoja zilezile, ila asinakili namba.

Kila rota ina plagi mbili. Ya chini, iliyoandikwa L kwenye koili, ndiyo inayowaka kwanza na ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Ya juu, T, inafuata baada ya digrii kadhaa. Digrii zote ni za shafti kuu, ile yenye puli mbele, zikihesabiwa kabla ya kilele cha mgandamizo. Namba yenye alama ya kutoa ni baada ya kilele.

Neno moja la tahadhari kwa lugha yetu ya gereji. Fundi wa mtaani akikwambia injini "imenoki", mara nyingi anamaanisha bearing zimekula shafti. Hapa nikisema kunoki namaanisha mchanganyiko wa hewa na mafuta kulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Kwenye injini ya pistoni unaweza kusikia kengele hiyo kwa muda kabla ya hasara. Kwenye rotari, mlipuko mmoja au miwili chini ya presha kubwa inatosha kuvunja sili yenye unene wa milimita 2, na vipande vyake hutoka na moshi na kwenda kupiga magurudumu ya turbo. Unalipia vitu viwili kwa kosa moja.

## Kwa nini rotari haifuati hesabu za pistoni

Chumba cha moto cha rotari ni kirefu na chembamba, tena kinatembea. Rota ikikaribia kilele, mchanganyiko unakamuliwa kutoka upande wa nyuma wa chumba kwenda upande wa mbele kupitia njia nyembamba iliyochimbwa kwenye uso wa rota. Moto uliowashwa na plagi ya chini unabebwa na mkondo huo kwenda mbele. Kurudi nyuma unashindwa, kama mtu anayepanda ngazi wakati kanisa zima linashuka. Kwa hiyo kona ya nyuma ya chumba inabaki na mchanganyiko ambao haujaungua, umebanwa na umechemka, na hapo ndipo kunoki huzaliwa. Plagi ya juu iko upande huo, na moja ya kazi zake ni kuwasha mabaki hayo.

La pili ni mwendo. Kila hatua ya rotari, iwe kubana au kusukuma, huchukua digrii 270 za shafti, wakati pistoni inachukua 180. Msukumo unasambaa kwa muda mrefu zaidi, ndiyo maana ukichelewesha cheche digrii mbili au tatu, nguvu inayopotea ni ndogo kuliko ungeipoteza kwenye injini ya pistoni. Ukiwahisha digrii hizohizo, nguvu inayoongezeka nayo ni ndogo, lakini joto na presha ya kona ile ya nyuma vinapanda haraka.

Usipokuwa na muda wa kusoma mengine, chukua hili: kwa rotari yenye turbo, taimingi ni uamuzi wa nani abebe joto. Ukiwahisha cheche, moto unaishia ndani ya chumba na anayebeba ni sili na nyumba ya rota. Ukichelewesha, mchanganyiko unatoka bado unawaka na anayebeba ni manifodi ya ekzosi na turbo. Joto halipotei, linahama. Njia ya tatu ni kuleta kitu cha kulinywa.

## Vipimo

Kila njia nitaipima kwa mambo sita: nguvu inayofika kwenye matairi, usalama wa sili za ncha, joto la ekzosi na tabia ya turbo, mafuta na hali ya hewa inavyovumilia, kuishi nayo kila siku, na mtu inayemfaa.

Mfano wa namba za kuanzia, injini ikiwa kwenye mizunguko kama 6,000, mchanganyiko ukiwa wa hewa 11 kwa petroli 1 au mzito (wenye petroli zaidi) kidogo:

| Njia | Upepo | Plagi ya chini | Plagi ya juu |
|---|---|---|---|
| Kuchelewesha, upepo mwingi | bar 1.0 | 10 | -4 |
| Kuwahisha, upepo kidogo | bar 0.7 | 15 | 4 |
| Maji au ethanoli | bar 1.0 | 13 | 1 |

Hapo ni pa kuanzia na kusikiliza. Injini mbili zilizotoka kiwandani siku moja hazifanani baada ya miaka 25.

## Njia ya kwanza: chelewesha cheche, ongeza upepo

Nguvu. Kutoka bar 0.7 hadi bar 1.0 usawa wa bahari, hewa inayoingia inaongezeka kwa kama asilimia 17, kabla hujatoa hasara ya joto. Digrii tano ulizochelewesha zinakula sehemu ya faida hiyo, lakini hazimalizi. Ndiyo maana mafundi wengi wa rotari, kuanzia Japani hadi Australia, New Zealand na Puerto Rico, huanzia hapa wakitafuta nguvu: upepo ndio unaoleta farasi, taimingi inabaki na kazi ya ulinzi.

Sili. Kwa upande wa kunoki, hii ndiyo njia yenye nafasi kubwa ya kusamehe, mradi upepo wenyewe umedhibitiwa. Siku umejaza petroli mbovu au intakula (kipoza hewa kati ya turbo na injini) imeziba vumbi, zile digrii ulizoacha zinakuokoa. Lakini usisahau kwamba presha ya jumla iko juu, na kosa la mafuta kidogo (nozeli moja imeziba, pampu imechoka) linaumiza zaidi kwenye bar 1.0 kuliko kwenye 0.7.

Ekzosi na turbo. Hapa ndipo bili inapokuja. Moshi wa rotari ni wa moto hata ukiwa umelala, na kila digrii unayozidi kuchelewesha inaupasha zaidi. Weka kipima joto kwenye manifodi ya ekzosi kabla ya turbo. Ukiona inanyemelea nyuzi 950 za sentigredi na bado inapanda, umechelewesha kupita kiasi au mchanganyiko umekuwa mwepesi. Faida ndogo ni kwamba moshi wa moto unaamsha turbo mapema. Hasara inayoambatana nayo ni upepo unaojipandisha: FD iliyowekewa ekzosi pana iliyofunguka inajulikana kwa tabia ya kuvuka presha uliyoipanga, kwa sababu mlango wa kupunguzia moshi kwenye turbo za kiwandani ni mdogo. Ukiongeza joto juu ya hapo unamwaga petroli kwenye jiko. Mlango huo upanuliwe kwanza, ndipo ucheze na cheche.

Mafuta na hali ya hewa. Inavumilia kuliko zote mbili zilizobaki. FD ilitungwa Japani kwa petroli yao ya juu, yenye oktani 100. Huku kwetu unajaza kilichopo kituoni, na ramani (jedwali la taimingi ndani ya kontroli boksi) iliyochelewa haikasiriki sana.

Kuishi nayo. Rahisi kuendesha, ngumu kwa vifaa vilivyo karibu na ekzosi. Mabomba ya mpira, waya za koili, hata rangi ya boneti vitakusimulia. Unahitaji pia nozeli na pampu kubwa za kutosha upepo huo, na hizo si bei ya chai.

Inamfaa mwenye turbo moja kubwa iliyobadilishwa, rejeta na intakula nzuri, na barabara ya kukanyaga kwa vipindi vifupi. Haimfai mwenye turbo za kiwandani zilizozeeka.

## Njia ya pili: wahisha cheche, punguza upepo

Nguvu. Kwa presha ileile, utapata kidogo zaidi kuliko ramani iliyochelewa, na gari litaitika mguu vizuri zaidi kabla turbo haijaamka. Juu kabisa utazidiwa na yule wa bar 1.0. Kwa barabara ya kona nyingi watu wengi hawaoni tofauti. Kwa barabara iliyonyooka wataiona.

Sili. Hapa lazima niwe mkweli kwa pande zote mbili. Presha ndogo ni rafiki wa sili, na kwa bar 0.7 digrii 15 si uhuni. Lakini hakuna akiba. Njia hii inavunja injini pale mwenye gari anapoipenda: anaona imekubali 15, anajaribu 17, inakubali, anaacha hapo. Kisha siku ya joto, kwenye mlima, na nusu tangi ya mafuta ya kituo asichokijua, anaomba nguvu zote kwa sekunde nane mfululizo. Ramani haijabadilika, hewa ndiyo iliyobadilika.

Kuna kijana aliwahi kuniuliza, "Kaka, kama kipima noki hakijasoma kitu, si niko salama?" Nikamuuliza kimewekwa wapi na kinasikiliza nini. Kipima noki cha rotari kinasikia pia turbo, gia na kelele za sili zenyewe zikipita, na namba inayoonyeshwa kwenye Power FC haina kipimo cha kweli nyuma yake. Inafaa kwa kulinganisha leo na jana kwenye gari lilelile. Haifai kuwa ruhusa.

Ekzosi na turbo. Nafuu kubwa. Moshi unatoka umepoa kiasi, turbo za kiwandani zinaishi, upepo haujipandishi ovyo. Joto sasa limebaki ndani, kwa hiyo linaishia kwenye maji ya rejeta na oili. Rotari hutegemea oili kupoza rota zenyewe kwa ndani, basi oili kula (kipoza oili) na rejeta ya maji viwe vizima. Ukiwa na rejeta ya zamani yenye matangi ya plastiki yaliyokauka, usipite njia hii.

Mafuta na hali ya hewa. Inachagua. Oktani ikishuka, hii ndiyo ramani ya kwanza kulalamika, na kwa rotari lalamiko la kwanza linaweza kuwa la mwisho.

Kuishi nayo. Ukiwa na nidhamu, ndiyo tamu kuliko zote. Gari linakuwa jepesi, ulaji wa mafuta unapungua kidogo kwenye safari, na huhitaji kubadilisha nusu ya gari ili kufika hapo.

Inamfaa mwenye turbo za kiwandani, injini yenye presha nzuri, anayejaza kituo kimoja anachokiamini, na anayeweza kuacha namba ilipo.

## Njia ya tatu: mpe joto kitu cha kunywa

Hapa kuna vitu viwili vinavyofanana kwa lengo: kunyunyizia maji (au maji yaliyochanganywa na methanoli) kwenye njia ya hewa, au kuhamia kwenye mafuta ya ethanoli kama E85.

Nguvu. Unapata upepo wa njia ya kwanza na sehemu ya taimingi ya njia ya pili. Hakuna ujanja hapo: maji yanapogeuka mvuke yananyonya joto jingi, na ethanoli hufanya vivyo hivyo, juu ya kuwa na oktani ya juu. Bado simshauri mtu arudishe digrii zote. Ukishapata ulinzi, tumia nusu, acha nusu.

Sili. Mfumo ukifanya kazi, ndiyo hali bora ambayo sili inaweza kuitaka chini ya bar 1.0. Mfumo usipofanya kazi, una ramani ya digrii 13 juu ya upepo mwingi bila kinga. Tangi la maji likiisha, nozeli ya maji ikiziba chokaa, pampu ikifa, injini haijui. Kwa hiyo kipima mtiririko, kilichounganishwa na kontroli boksi kishushe upepo na kuchelewesha cheche papo hapo, ni sehemu ya njia hii. Nimeona mfumo mzuri kabisa ambao kinga yake pekee ilikuwa taa nyekundu kwenye dashibodi. Nani anaangalia taa akiwa gia ya tatu?

Ekzosi na turbo. Moshi unapoa kuliko njia ya kwanza. Maji mengi kupita kiasi yanaanza kuzima cheche. Utahisi gari linakohoa juu kabisa, na mafuta yasiyoungua yanaenda kuwakia kwenye ekzosi. Koili ziwe na nguvu.

Mafuta na hali ya hewa. Maji yanapatikana popote, ila yawe yaliyochujwa chumvi. E85 ni habari nyingine: inatumika sana Marekani na Australia, lakini kama kwako haiuzwi kituoni, usijenge injini juu ya madumu. Pia inahitaji ujazo mkubwa zaidi wa mafuta, zaidi ya theluthi moja juu ya petroli, kwa hiyo nozeli zinaongezeka tena.

Kuishi nayo. Kazi ya ziada: kujaza, kusafisha, kukagua. Wapo wanaoipenda kazi hiyo.

Inamfaa mtu wa vipimo, anayesoma rekodi za kompyuta baada ya kila safari ya kukanyaga, au anayeishi penye joto kali.

## Mwachano wa plagi mbili

Hili watu wanalipita haraka, na naona ndilo linalohitaji kituo. Mwachano ni digrii kati ya cheche ya chini na ya juu. Kwenye jedwali la juu utaona 14, 11 na 12.

Mwachano mkubwa unamaanisha plagi ya juu inawaka kwa kuchelewa sana, mabaki ya kona ya nyuma yanaungua polepole, presha haipandi kwa ghafla. Unapoteza nguvu kidogo na unaongeza moto kwenye ekzosi. Mwachano mdogo, tuseme 5, unawasha chumba pande mbili karibu kwa pamoja. Moto unaisha mapema, nguvu inapanda kidogo, na presha ya ndani inapanda kwa kasi. Bila mzigo, yaani ukisafiri taratibu bila upepo wa turbo, mwachano mdogo hauna neno. Turbo ikishaanza kusukuma, ubane ukijua unachokifanya.

Kwa anayetaka nguvu kidogo zaidi kutoka kwenye njia ya kwanza, maoni yangu ni kwamba aguse mwachano kabla ya kugusa plagi ya chini, digrii moja kwa wakati, na asiende chini ya 10 kwa petroli ya kituoni. Na jambo moja halina mjadala: cheche ya juu isitangulie ya chini. Waya za koili zikibadilishana, ramani yako nzuri haina maana. Koili ya chini ya FD ni moja na inawasha rota zote mbili kwa wakati mmoja, hivyo kuchanganya waya zake mbili hakuleti madhara. Koili za juu ni mbili, kila rota na yake. Hizo ukizigeuza, cheche inapigwa kwenye chumba kisicho wakati wake. Ukitoka kubadilisha plagi, hakiki waya mara mbili.

Plagi zenyewe: kiwandani chini huwekwa joto namba 7 na juu namba 9 kwa hesabu ya NGK. Ukifika bar 1.0 wengi huweka 9 zote nne au baridi zaidi. Zitachafuka haraka kwenye foleni, na hiyo ndiyo nauli.

## Kabla ya kuamini namba yoyote

Kontroli boksi inasema 12. Je, shafti inasema ngapi? Chukua taa ya taimingi, funga taimingi kwenye namba moja isiyobadilika kutoka kwenye programu, na usome puli. Kwenye RX-7 FC alama ya njano ni 5 baada ya kilele kwa plagi ya chini, na nyekundu ni 20 baada ya kilele kwa ya juu. Kama puli imebadilishwa au kihisi cha shafti kimesogezwa, tofauti ya digrii 4 au 5 haishangazi, na ndiyo tofauti yote kati ya njia ya kwanza na ya pili. Kazi hii ni ya dakika kumi.

## Nyanda za juu na pwani

Nairobi iko mita karibu 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ina presha ya kama kPa 82. Mombasa na Dar es Salaam ni 101. Geji ya upepo na springi ya turbo vinapima kuanzia hewa ya nje. Kwa hiyo bar 0.8 ya geji Nairobi ni kama kPa 162 ndani ya manifodi ya hewa, na bar 0.8 ileile Mombasa ni kama 181. Kihisi cha FD kinasoma presha kamili, kwa hiyo ukiteremka na gari lililopangwa Nairobi, geji itaonyesha namba uliyoizoea huku kontroli boksi ikiingia kwenye safu za ramani ambazo fundi hakuzigusa. Safu hizo mara nyingi zimejazwa kwa kukisia. Kabla ya kuushika mteremko wa Mombasa, zijaze kwa digrii za njia ya kwanza, hata kama ramani yako nyingine ni ya njia ya pili.

Upande wa pili, anayeishi juu akitaka kPa 180 kama mtu wa pwani, turbo yake inafanya kazi ngumu zaidi. Nimekokotoa kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70: hewa ya Dar yenye nyuzi 30 inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi karibu 107, ya Nairobi yenye nyuzi 22 inatoka na karibu 128. Kwa ndugu zetu wa Muscat, mchana wa nyuzi 45, inatoka na karibu 126, sawa na Nairobi kwa sababu tofauti kabisa. Hiyo ni kabla ya intakula. Wote wawili wachelewe digrii kadhaa kuliko mtu wa Dar kwa presha kamili ileile, au wanyunyizie maji.

## Kwa hali yako

Turbo za kiwandani, ekzosi ya kiwandani, gari la wikendi: baki bar 0.7 na uchukue njia ya pili, lakini anzia digrii 13 na mwachano wa 12. Panda hadi 15 ukiwa umeshaona joto la hewa baada ya intakula siku ya jua kali.

Turbo moja kubwa na nozeli za kutosha, petroli ya kituoni: njia ya kwanza. Weka kipima joto cha ekzosi kabla ya kuweka geji nyingine yoyote ya urembo.

Mashindano ya mbio fupi, mtu wa kusoma rekodi yupo: njia ya tatu, na kinga ya mtiririko ijaribiwe kwa kuchomoa bomba la maji makusudi, gari likiwa kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu) kwa upepo mdogo. Isiposhusha upepo yenyewe, hujamaliza kufunga.

Siku za uwanjani, mizunguko dakika 20 bila kupumzika: hapa wengi hukosea kwa kuchukua ramani ya mbio fupi. Joto lina muda wa kujilimbikiza kila mahali. Chukua upepo wa njia ya pili na cheche iliyo karibu na njia ya kwanza, digrii 12 hivi kwa bar 0.7, ukubali kupitwa kwenye sehemu iliyonyooka.

Uko Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, FD uliyo nayo haina mrithi bandarini. Nyumba za rota zinatafutwa moja moja. Kwa mtu huyo upepo mdogo pamoja na cheche iliyochelewa kidogo ni chaguo halali kabisa, hata kama wenzake watamcheka kwenye daino.

Na kama gari umelinunua juzi na hujui injini ina hali gani, ramani isubiri. Chomoa plagi ya chini, mwite mwenzako mwenye ufunguo, ukinge kiganja, rota ya mbele kisha ya nyuma, na usikilize.